AFYA YA JAMAA: Picha ya moyo yatabiri nini?



Iko karatasi moja inayotia hofu katika nyumba nyingi za Butembo na Beni. Mgonjwa amevimba miguu, hawezi kulala chali, na akipanda kilima kidogo tu hana budi kusimama mara tatu atafute pumzi. Jamaa wamechanga fedha, labda wameuza mbuzi, wakampeleka hospitali, naye amepigwa picha ya moyo kwa ile mashine iitwayo ekografia. Anarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa Kifaransa. Katikati ya maneno mengi magumu ziko herufi mbili na hesabu moja: FE, 28 kwa mia. Mtoto aliye shuleni aitwa asome. Asoma. Hapo wote wanyamaza, maana wanavyofahamu ni hivi: moyo wa baba umebaki robo tu, na robo tatu zimekwisha kufa.

Sivyo. Hesabu hiyo ina maana, tena maana kubwa, lakini si maana hiyo. Wala haisemi siku ya mtu kufa. Twaona yafaa kulieleza jambo hili polepole, kwa sababu ziko nyumba zinazoacha dawa kwa kukata tamaa, na ziko nyingine zinazomaliza fedha zote kwa kupiga picha mpaka hazibaki hata za kununulia vidonge.

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Wengine huiogopa wakidhani ni sawa na radio ya kifua. Siyo. Ekografia hutumia sauti, sauti nyembamba mno isiyoweza kusikiwa na sikio la mtu. Daktari humlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, humpaka kifuani kitu baridi mfano wa ute, kisha huweka juu yake chombo kidogo kinachotoa sauti ile. Sauti yaingia mwilini, yagonga kuta za moyo, yarudi, kama vile mwangwi unavyomrudia mtu apigaye kelele mbele ya mlima. Mashine yapokea mwangwi ule na kuchora picha. Haiumi wala haichomi.

Mwanzo wake wafurahisha. Huko Uswidi, katika mji wa Lund, palikuwa na daktari aitwaye Inge Edler aliyetamani kuziona vali za moyo bila kupasua kifua. Rafiki yake, mwanafizikia Hellmuth Hertz, alikwenda kwenye kiwanda cha meli cha Malmö, ambako mafundi walikuwa na mashine ya sauti ya kutafutia nyufa zilizofichika ndani ya chuma. Wakaiazima. Tarehe 29 Oktoba 1953 waliandika mwendo wa moyo wa mtu hai kwa mashine ya namna hiyo. Siku hizi ziko mashine ndogo zenye betri, ambazo daktari aweza kuzichukua mkononi, nazo hufanya kazi hata siku ambayo jenereta imekosa mafuta. Kwa miji kama yetu hilo si jambo dogo.

Basi FE ni nini? Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kifaransa, maana yake sehemu ya damu inayosukumwa nje. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Chumba cha chini cha kushoto ndicho chenye kazi kubwa kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kinachopeleka damu mwili mzima, toka utosini hata vidole vya miguu. Kwa mtu mzima mwenye afya chumba hicho hujaa damu yapata mililita 120. Kikijikaza hutoa yapata 70, na 50 hubaki ndani. Wanafunzi na wagawanye 70 kwa 120, watapata 58 kwa mia. Hakuna moyo utoao mia kwa mia. Moyo mzima hutoa kati ya 55 na 70. Kwa hiyo yule baba mwenye 28 tusimlinganishe na mia, bali na 60 hivi: nguvu yake ya kusukuma imepungua kadiri ya nusu. Ni ugonjwa mkubwa, lakini si maiti.

Hesabu ikishuka hadi 40 au chini yake, hatari ya kufa au ya kulazwa tena huongezeka, na kadiri inavyozidi kushuka ndivyo hatari inavyozidi. Hayo ni kweli wala hatutaki kuyaficha. Lakini hesabu hiyo haipimwi kwa mizani ya dhahabu. Madaktari wawili wakiutazama moyo mmoja siku moja, huyu aweza kuandika 30 na yule 35, na hakuna aliyekosa. Tena hesabu hupanda. Mgonjwa akimeza dawa zake sawasawa, picha ya pili, baada ya miezi mitatu hadi sita, mara nyingi huwa nzuri kuliko ya kwanza. Na hata isipopanda sana, dawa hurefusha maisha. Mwaka 1999 yalitolewa matokeo ya utafiti juu ya kidonge kiitwacho spironolakitoni. Wagonjwa walikuwa 1,663, wote wenye hesabu ya 35 au chini yake, yaani watu walio kama baba yetu. Muda wa miaka miwili hivi, katika kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa 46. Katika kila 100 waliopewa kile cha kweli walikufa 35. Moyo ni uleule, hesabu ni zilezile, ila vidonge tu vilitofautiana. Nacho ni kidonge cha zamani, si cha bei ya matajiri, ingawa chataka damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu chaweza kuzidisha potasi mwilini.

Sasa twafika penye jambo ambalo twataka hasa mlishike. Hesabu nyingi za vitabu vya waganga zimetoka Ulaya na Marekani, ambako wagonjwa wa moyo kwa kawaida ni wazee wa miaka 70 na zaidi, na wengi wao wameziba mishipa inayoulisha moyo. Je, wagonjwa wa Afrika ni hivyo hivyo? Kati ya mwaka 2007 na 2010 madaktari wa nchi tisa za Afrika walishirikiana kulichungua jambo hilo katika hospitali 12. Kongo haikuwamo, lakini Uganda ilikuwamo, na Kenya pia. Uganda ni jirani zetu hapo ng'ambo ya Kasindi. Waliandika habari za wagonjwa 1,006 walioingia hospitali kwa sababu moyo umeshindwa kazi ghafula. Utafiti huo uliitwa THESUS-HF, na matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2012 na Albertino Damasceno wa Maputo pamoja na wenzake.

Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Hao si wazee wa kukaa ukumbini. Ni akina baba na akina mama ambao bado wanalima, wanauza sokoni, wanalipa karo za watoto. Asilimia 45 walikuwa wameharibiwa moyo na shinikizo la damu, lile watu waliitalo tansio. Zaidi ya 14 katika 100 waliharibiwa vali na homa ya rumatizimu waliyoipata utotoni. Walioziba mishipa ya moyo, kama wagonjwa wa Ulaya, hawakufika hata 8 katika 100. Na katika miezi sita karibu 18 katika kila 100 walikuwa wamekufa.

Kisha daktari Mahmoud Sani wa Kano, Nigeria, na wenzake walizichukua picha za moyo za wagonjwa 954 kati ya wale, wakauliza swali letu la leo: katika picha hizi ni kitu gani kilichotabiri nani atakufa na nani atarudi kulazwa? Jibu lao la mwaka 2017 laweza kuwashangaza wengi. Ukubwa wa chumba cha chini cha kushoto na nguvu zake za kusukuma, yaani ile FE inayotia hofu nyumba nzima, havikuongeza mengi juu ya yale ambayo daktari alikwisha yajua kwa kumpima mgonjwa kwa macho na mikono. Vilivyosema neno ni vingine: ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto, unene wa ukuta wa moyo, vali kuu ya kutokea damu ikiwa imebana, na mwendo wa mapigo.

Kwa nini hivyo? Tuchukue chumba cha juu. Kazi yake ni kupokea damu itokayo mapafuni na kuishusha chini. Kama chumba cha chini ni kigumu au kimejaa, damu haishuki vema. Yarudi nyuma kama maji ya mtaro ulioziba mbele, na chumba cha juu chapanuka mwaka baada ya mwaka. Upana wake ni kama alama ya gharika ukutani: waonyesha maji yalifika wapi na kwa muda gani. Ndiyo maana aliyekuwa nacho kipana alirudi hospitali au kufa upesi zaidi, katika siku 60.

Ukuta nao? Mwangalieni kijana asukumaye chukudu yenye magunia ya viazi kupanda vilima vya Butembo. Kila siku mzigo, kila siku kilima. Mikono na mapaja yake yanenepa. Vivyo hivyo moyo unaosukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa hunenepa ukuta. Lakini kijana wa chukudu hupumzika usiku, na moyo haupumziki kamwe. Unene wake hugeuka ukavu. Hauwezi tena kulegea na kupokea damu. Katika karatasi FE yaweza kuwa 55, hesabu nzuri kabisa, na mgonjwa akakosa pumzi vilevile. Ajabu hii huwachanganya watu sana. Huambiwa moyo wapiga vizuri, nao humwona baba akilala ameketi. Kumbe moyo wasukuma, ila haujai.

Hapa niseme neno moja kwa pembeni. Mtu avimbapo miguu na tumbo, akakonda uso, huko kwetu Kivu neno la kwanza kutajwa mara nyingi ni sumu, ile iitwayo karuho, na neno la pili ni jina la jirani. Jamaa huvunjika, mashamba hugombaniwa, na bibi kizee asiye na kosa hufukuzwa kijijini. Picha inayoonyesha ukuta mnene na chumba kilichopanuka yaonyesha kazi ya miaka kumi au zaidi. Hakuna mtu aliyeyatia katika kikombe cha kasiksi jana jioni. Kwangu mimi, faida hii peke yake yatosha kulipia mashine.

Basi, mkitazama tena vile vilivyotabiri kifo katika Afrika, mtaona karibu vyote vyatoka katika mambo mawili: shinikizo la damu lisilotibiwa, na vali zilizoharibika. Picha haibashiri tu yatakayokuja, yasoma yaliyopita. Ile FE ya leo ilianza kuandikwa siku baba alipopimwa tansio miaka 12 iliyopita, akaambiwa ni 17 kwa 10, akameza vidonge mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaviacha. Tansio haiumi. Huo ndio ubaya wake. Mtu mzima wa miaka 40 na apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na aliye na 14 kwa 9 au zaidi mara kwa mara asiridhike na maneno ya kwamba ni mawazo tu. Na chumvi ipunguzwe: makayabo, samaki wa chumvi watokao Vitshumbi na Kyavinyonge, na vile vidonge vya kukolezea mchuzi, vyote vyamrudishia mgonjwa wa moyo maji aliyokwisha yatoa kwa dawa.

Nisieleweke vibaya, siidharau picha. Mgonjwa yeyote wa moyo apigwe angalau mara moja, kwa maana bila picha daktari hajui kama ni vali, au ni ukuta, au ni maji yaliyouzunguka moyo, na dawa za hayo si zilezile. Ninachokataa ni kupiga picha kila mwezi wakati nyumba haina mizani. Wale wale wa THESUS-HF waliona kwamba kifo kilitabiriwa pia na figo dhaifu, upungufu wa damu, virusi vya ukimwi, shinikizo lililoshuka mno, miguu iliyovimba na mapafu yenye maji. Mengi ya hayo nesi wa kituo cha afya aweza kuyapima kwa bei ndogo. Na mgonjwa mwenyewe na ajipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja ndogo, kabla ya chai. Akiongezeka kilo mbili katika siku tatu, hayo si mafuta, ni maji. Asingoje juma liishe.

Kwa akina mama liko jambo la kuangaliwa peke yake. Wako wanawake ambao moyo wao hulegea mwezi wa mwisho wa mimba, au katika miezi mitano baada ya kuzaa, hali hapo nyuma walikuwa wazima. Uchovu na miguu kuvimba hudhaniwa ni mambo ya uzazi tu. Hapo FE ina neno kubwa la kusema. Walio na hesabu chini ya 30 mwanzoni hupona kwa shida kuliko wenzao; walio juu ya hapo wengi hurudia uzima katika mwaka mmoja. Lakini mama ambaye moyo wake haujarudi, mimba nyingine yaweza kumwua. Mume na mke waketi pamoja mbele ya daktari na karatasi ile mkononi kabla ya kufikiri mtoto mwingine, na mama mkwe asimharakishe mtu.

Nanyi wanafunzi, msidhani haya ni ya wazee tu. Koo likiuma kwa vijidudu fulani, lisipotibiwa, laweza kuleta homa ya rumatizimu inayovimbisha viungo na kutafuna vali za moyo kimyakimya. Uharibifu ule wa kwanza hausikiki kila mara kwa kipimo cha masikioni, lakini ekografia huuona. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Andrea Beaton, Emmy Okello na wenzao walipiga picha za mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 wa miaka 5 hadi 17. Watoto 818 walioonekana wana alama za kwanza waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walidungwa penisilini kila baada ya majuma manne muda wa miaka miwili, fungu la pili hawakudungwa. Matokeo yalitolewa mwishoni mwa 2021: kati ya waliodungwa ambao walifuatwa mpaka mwisho, ugonjwa ulizidi kwa 3 tu katika 399, kati ya wasiodungwa, kwa 33 katika 400. Huu ndio utabiri wenye faida kuliko wote, maana umekuja wakati mlango haujafungwa. Mtoto anayeumwa koo na homa, bila kikohozi wala mafua, apelekwe kituo cha afya. Na aliyeandikiwa sindano za kila mwezi asiziruke kwa sababu ya mitihani.

Wengi watauliza kama ni lazima kumvusha mgonjwa Kasindi na kumpeleka Kampala. Safari hiyo twaijua. Upande wa Beni njia imetiwa damu tangu Oktoba 2014, na upande wa Goma vita vilifika Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024. Mtu aliyejaa maji asipakiwe garini, atafia njiani. Kwanza akaushwe maji kwa dawa katika hospitali iliyo karibu, mpaka aweze kulala chali usiku mzima. Kisha picha ndiyo itakayosema kama safari ina maana. Ikiwa tatizo ni moyo uliolegea au ukuta mnene, dawa atakazopewa Kampala si nyingine mbali na zile zinazoweza kuandikwa na daktari wa Butembo, na fedha za safari zatosha vidonge vya miezi mingi. Ikiwa ni vali iliyobana au iliyochakaa kabisa, hapo vidonge havitoshi; vali hutengenezwa au hubadilishwa kwa upasuaji, nao hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Mulago. Huyo asicheleweshwe kwa mitishamba.

Na anayesafiri, hata kama ni toka Musienene mpaka Matanda tu, asiache nyuma karatasi ya kwanza kwa sababu ni ya zamani au imechakaa. Aitie katika mfuko wa plastiki pamoja na maganda ya dawa zote anazomeza, kwa maana swali la kwanza la daktari litakuwa: mara iliyopita hesabu ilikuwa ngapi, na tangu hapo umemeza nini?